Hatamu ya Punda wa Klementina

Kaka yangu Wilibrodi alikuwa mzito wa maneno. Ungemsalimia, ukafagia uwanja, ukarudi, ndipo akujibu. Mimi dada yake, Bertilla, nilipewa maneno ya watu wawili, ndiyo maana nyumbani kwetu hapakukosa kelele. Lakini mpe Wilibrodi gome la mti wa muyombo na mahali pa kukaa, hapo ungemwona mtu. Kamba zake watu wa upande wote wa Chala walizitambua kwa kuzishika tu. Kamba za ng'ombe, za kuezekea, za kutekea maji. Hakuna ng'ombe aliyewahi kukata kamba ya Wilibrodi, na si kwamba hawakujaribu.

Mke wake Klementina alikuwa mtu wa kijiji cha Kate. Alikuja kwetu akiwa na miguu miwili mizima na kicheko cha kusikika hadi kwa jirani. Mwaka wa pili akajifungua mtoto ambaye hakulia, na tangu siku ile nyonga yake ya kushoto ikakataa kurudi mahali pake. Kutoka mlangoni hadi jikoni alikwenda kwa fimbo. Kutoka nyumbani hadi kisimani hakufika tena. Msimu ule wa ugonjwa mama yake, Mama Fransiska, alitoka Kate kwa miguu akakaa kwetu mpaka mavuno, akimkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akimlisha uji wa ulezi kwa mkono wake mwenyewe. Mimi na yule mama tuligombana kila siku kuhusu chumvi, na alipoondoka nililia kuliko binti yake.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Hitla. Wanaume wenye nguvu walikuwa wametawanyika: huyu yuko Chunya anachimba dhahabu ya watu, yule yuko Tanga anakata mkonge wa watu, wengine walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rodesia. Waliobaki kijijini ni wazee, watoto, na watu kama Wilibrodi ambao hawakuweza kuachana na ng'ombe wao.

Masika yalikuwa yamekolea siku Basil, katekista wa Kate, alipopita kwetu akielekea misheni ya Chala. Hakukaa hata kwenye kigoda alichopewa.

"Klementina," alisema, "mama yako anakuita. Ameacha kula. Padri ameshampa mafuta ya wagonjwa. Anasema hataki kuondoka kabla hajakuona."

Klementina alikuwa anachambua maharage. Aliuweka ungo chini, akachukua fimbo yake, akasimama, akaanza kutembea kuelekea njia ya Kate. Hivyo hivyo, bila khanga ya pili. Nilimkuta kwenye mgomba wa mwisho ameshika shina, jasho linamtoka.

"Wifi, Kate ni mwendo wa siku nzima kwa mtu mwenye miguu mizima," nilimwambia.

"Basi mimi nitakwenda siku mbili."

"Na huko utafika umekuwa nini?"

Alikuwa analia kwa namna yake, machozi yanashuka na uso umetulia. Hicho ndicho alichokitaka, na alikitaka kitu hicho kimoja tu: afike mama yake akiwa bado ana macho ya kumwona.

Machela inataka wanaume wanne, na wanne tusingewapata hata tungewahesabu na wenye kikohozi. Lori la ukoo wa Muhidin, mwenye duka, lilikuwa limekwama Sumbawanga kwa matope ya barabarani. Tulikaa uwanjani tukitazamana. Kisha Wilibrodi akainuka, akaingia zizini, akatoka na dume lake la madoa, lile alilolilea tangu lilipozaliwa usiku wa mvua ya mawe.

"Unakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Kwa Muhidin. Ana punda."

Nilimfuata, maana kumwacha Wilibrodi aende kubadilishana kitu peke yake ni sawa na kuwapelekea watu zawadi.

Muhidin alikuwa na duka pale Chala, na nduguze walikuwa na maduka na lori Sumbawanga mjini. Zamani walibebesha punda chumvi na samaki kutoka ziwani. Tangu walipopata lori, punda waliobaki walikuwa wanakula tu na kuzeeka.

"Shikamoo mzee," tulimsalimia.

"Marahaba. Bertilla, leo umekuja kununua au kugomba?"

"Kugomba ni bure mzee, nitaanza na hicho."

Alicheka. Lakini alipomwona Wilibrodi ameshika lile dume, na mimi nilipomweleza habari ya Mama Fransiska, aliacha kucheka, akatuita nyuma ya duka. Alitutolea punda jike wa kijivu, mpole, mwenye masikio marefu na macho ya mtu aliyeona mengi. Alisema punda huyo ameshabeba wazee na wagonjwa na hajawahi kumwangusha mtu. Kubadilishana hakukuchukua muda. Nilijiandaa kugomba nikakosa pa kuanzia.

"Na hatamu yake hiyo," Muhidin akasema, akimshika punda kichwani. "Nendeni nayo. Ameizoea."

Wilibrodi akatikisa kichwa. Akafungua ile hatamu taratibu, kitu kilichochakaa, cheusi kwa jasho la miaka, akamkabidhi Muhidin kwa mikono miwili.

"Kamba yako baki nayo, mzee."

Ilibidi mimi nieleze. Kwetu mnyama anapohama zizi, mwenyewe huvua kamba yake na kurudi nayo nyumbani. Ukimpa mtu mnyama na kamba, wazee husema wanyama wako waliobaki wataifuata kamba mmoja mmoja. Na ukipokea kamba ya mwenzako umemtakia zizi tupu. Mtu mwenye adabu haipokei hata akipewa kwa kubembelezwa. Wilibrodi alikuwa ameshavua pia kamba ya dume lake, ameizungusha begani.

"Nyie watu!" Muhidin alisema, lakini nilimwona amefurahi kuheshimiwa. "Haya. Utamtengenezea nyingine?"

"Leo hii," alisema Wilibrodi.

Muhidin hakuongeza neno. Nani angemfundisha Wilibrodi kufunga kamba? Tulimswaga yule punda mbele yetu kwa kijiti hadi nyumbani, na alikwenda bila ubishi.

Nyumbani kulikuwa na gome la muyombo lililokuwa limelowekwa kijitoni tangu wiki iliyotangulia. Wilibrodi alilitoa, akalitwanga juu ya jiwe kwa rungu mpaka nyuzi zikaachana, akazichambua kwa vidole, akaketi mbele ya mlango akaanza kusokota juu ya paja. Nyuzi tatu zinakuwa uzi, nyuzi tatu zinakuwa kamba. Klementina aliketi kizingitini mguu ameunyoosha, anamtazama.

Alitengeneza hatamu jinsi alivyojua, na alijua kwa ng'ombe. Ng'ombe hutawaliwa kwa pua. Kamba ikikaa juu karibu na macho, ng'ombe anakwenda anakotaka yeye. Lazima ishuke chini, pale mfupa unapoishia na pua inapoanza kulainika, halafu ipite chini ya kidevu kwa kitanzi kinachokimbia, ili ukivuta ikaze na ukiachia ilegee. Sehemu ya pili hupita nyuma ya masikio ili ya kwanza isidondoke. Wilibrodi alipima kwa kiganja chake kwenye uso wa punda, akarudi akakata, akafunga, akapima tena. Punda alirusha kichwa juu, akapiga chafya.

"Hapendi," nilisema.

"Mgeni huyo. Atazoea."

"Isimchubue," alisema Klementina. Hilo ndilo neno pekee alilosema jioni ile.

Basi Wilibrodi akaingia ndani akatoka na shati lake jeupe la Jumapili. Akapasua kipande chote cha chini, akakichana, akakizungusha kwenye ile kamba ya pua mpaka ikawa nene na laini, kila mzunguko umelala kando ya mwenzake bila kupishana.

"Kaka! Utaingia ukweni na shati la kitovu nje?"

"Nitachomekea."

"Utachomekea nini, na imebaki kola tu?"

Klementina akacheka. Kile kicheko chake cha zamani, cha kusikika kwa jirani. Nilikuwa nimesahau kinavyosikika. Wilibrodi akainama akaendelea kuzungusha kitambaa, masikio yamemwiva, na mimi nilimpenda kaka yangu siku ile mpaka nikaona aibu, nikaenda kukagua ugali.

Tuliondoka kulipopambazuka. Tulimtandikia punda blanketi na mfuko wa majani, tukampandisha Klementina, akakaa upande upande na fimbo yake mapajani. Wilibrodi mbele ameshika kamba, mimi nyuma na kikapu cha unga na kuku wa kupeleka. Punda alikwenda vizuri kwenye tambarare. Watu waliokuwa wanalima matuta walisimama wakituangalia, na Klementina aliwasalimia kutoka juu, huyu na yule, kama mke wa bwana shauri wa wilaya anayekagua mashamba. Alikuwa na wasiwasi lakini alikuwa na furaha pia. Tangu aumie hakuwahi kuiona nchi ikipita hivyo bila maumivu.

Kisha mvua ikaanza. Haikuwa mvua ya kelele, ni ile ya kwetu Ufipa inayonyesha kama mtu asiye na haraka, na inakulowesha hadi mifupani. Nilisema tujifiche kwenye kibanda cha shamba mpaka ipungue.

"Twende, wifi," alisema Klementina.

Tukaenda. Na hapo ndipo, nikikumbuka sasa, mambo yalipoanza kuharibika, ila sisi hatukuona. Kamba ya gome ikilowa hujikunja na kufupika, kila msokotaji anajua. Kwa ng'ombe haina neno. Na kile kitambaa cha shati kilikuwa kimekunywa maji, kimevimba juu ya pua ya yule mnyama. Punda alianza kutoa sauti ndogo, kama mtu mwenye mafua. Akapunguza mwendo.

Tulipofika chini ya kile kilima kirefu kinachotangulia Kate, alisimama.

Wilibrodi alivuta. Punda akapanda kidogo, akasimama tena. Akavuta. Akapanda. Mimi kutoka nyuma nilimpa maneno yote niliyokuwa nimeyaweka akiba tangu kwa Muhidin.

"Mnyama gani huyu! Umelishwa bure miaka yote, leo umetakiwa siku moja tu unaleta kiburi?"

"Labda amechoka," alisema Klementina. "Nishusheni nijikongoje kidogo."

Wilibrodi alirudi akamtazama punda usoni. Alimtazama vizuri, hakupuuza. Kaka yangu hakuwahi kumwua mnyama kwa uchovu. Lakini alitazama alama anazozijua. Ng'ombe akichoka huachama, ulimi ukatoka, mate yakamdondoka. Yule punda mdomo wake ulikuwa umefungwa kimya.

"Hajachoka," alisema. "Hata mdomo hajafungua. Ni ukaidi."

Akarudi mbele, akaizungusha kamba mkononi, akavuta kwa uzito wote wa mwili. Mimi nikaweka kikapu chini nikasukuma kutoka nyuma. Kila alipovuta, kile kitanzi kilikimbia kikakaza. Punda alipanda, namshukuru kwa hilo hadi leo, alipanda hatua baada ya hatua akitetemeka, macho yamemtoka. Karibu na kileleni miguu ya mbele ilikunjika. Klementina aliteleza polepole akaangukia kwenye majani bila kuumia. Punda akalala ubavu, akatupa miguu, akatulia.

"Inuka," alisema Wilibrodi. "Inuka mama. Inuka."

Alimpapasa shingo, akampapasa tumbo, akamwinua kichwa. Kisha akaacha kumwambia ainuke.

Tulikuwa bado tumesimama hivyo wakati mwanamke mmoja aliposhuka kutoka upande wa Kate, kikapu kichwani, miguu ina matope hadi magotini. Alikuwa Bi Ashura, shangazi yake Muhidin, mama mtu mzima aliyezunguka nchi nzima akiuza chumvi na khanga, asiyeogopa mvua wala simba. Tulimwamkia. Hakuitikia. Alikuwa anamtazama yule punda, maana alimfahamu tangu alipokuwa mtoto.

Alishusha kikapu, akapiga magoti, akaingiza kidole kati ya kamba na pua. Kidole hakikupita. Akatoa kisu kwenye pindo la nguo, akaikata hatamu, akaifunua. Chini ya kile kitambaa cheupe pua ilikuwa imebonyea pande zote mbili.

"Nani kafunga hii?"

"Mimi," alisema Wilibrodi.

"Hatamu yake ya zamani iko wapi?"

"Tulimrudishia mwenyewe," nilisema mimi. "Kwa heshima."

Bi Ashura nadhani alitaka kukasirika, akatazama sura ya kaka yangu, akashindwa.

"Mwanangu," alisema, "hatamu ya punda hukaa juu, kwenye mfupa. Ng'ombe ukimbana pua anao mdomo. Punda hana. Punda anavuta pumzi kwa pua tu, Mungu alimwumba hivyo."

"Lakini hakuachama!" nilisema. "Hata ulimi hakutoa!"

"Hawezi, mama. Anakufa mdomo umefungwa."

Wilibrodi alikuwa ameshika kile kipande cha hatamu. Alikigeuza akakitazama ndani na nje, kama anatafuta mahali alipokosea kusokota. Hapakuwa na kosa. Ilikuwa kamba nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza, na niliona jambo hilo likimwingia taratibu. Akaiweka kifuani kwa punda, kwa uangalifu, akajifuta mikono kwenye suruali. Akaendelea kuifuta, ingawa mvua ilikuwa bado inailowesha.

Ndipo Bi Ashura alipomgeukia Klementina pale kwenye majani, akamtambua.

"Wewe si binti yake Fransiska? Nimelala pale kwa jirani. Asubuhi nilipopita kuaga, mama yako alikuwa bado anasema. Anakuulizia wewe. Kila mlango ukilia anauliza kama ni wewe. Msikae hapa."

Klementina alikuwa amesikia yote, ya hatamu na ya mama yake. Alimtazama mume wake. Nilijiandaa. Kama ni mimi ningesema jambo pale, na lisingesahaulika milele. Yeye alinyoosha mikono miwili kama mtoto.

"Nibebe," alisema.

Wilibrodi akageuka akachuchumaa. Mimi na Bi Ashura tukampandisha mgongoni, tukamfunga kwa blanketi kama afungwavyo mtoto. Bi Ashura alisema angebaki kidogo na punda, amfunike majani, maana alimlea. Tukaenda.

Sijui kama mmewahi kuona mtu akimbeba mtu mzima mgongoni kwenye matope. Wilibrodi hakuwa jitu, alikuwa mwembamba wa kawaida mwenye mikono mirefu. Kile kilima tulimaliza kukipanda. Bonde la pili tulishuka, yeye akikanyaga kwa visigino ili asiteleze. Kila nilipomwambia kaka, pumzika, alijifanya hajasikia. Mtu aliyekuwa anajibu salamu baada ya nusu siku, safari ile alinijibu mara moja tu, na hakujibu nilichouliza.

"Ningeipokea ile kamba," alisema. "Dada, ningeipokea tu."

Nilitia mkono chini ya blanketi nikamsaidia uzito. Mimi, mwenye maneno ya watu wawili.

Klementina alikuwa amelaza shavu kwenye shingo yake. Nyonga ilikuwa inamuuma, niliona anavyobana meno kila hatua, lakini hakutoa hata mguno. Mvua ilikatika. Jua likatoka upande wa ziwa, limeshaanza kulala, na tukaanza kuona migomba ya kwao na moshi kwenye paa la nyumba ya mama yake. Klementina akainua kichwa.

"Naona mlango," alisema. "Uko wazi."

Tulikuwa tumebakiza shamba moja la mahindi tuliposikia kilio. Kilianza kwa sauti moja ya mwanamke, halafu ya pili ikaichukua, halafu nyumba nzima.

Wilibrodi akaanza kukimbia. Mke mgongoni, matope hadi magotini, alikimbia katikati ya mahindi, kana kwamba kile kilio kilikuwa kitu cha kukiwahi kabla hakijafika mwisho. Nami nilikimbia nyuma yao, kuku anapiga kelele kikapuni, nikimwambia acha kaka, acha, imekwisha, na huku naendelea kukimbia.

Uwanjani watu walitupisha. Ndani, Mama Fransiska alikuwa hajalazwa bado. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, ameegemezwa kifuani kwa dada yake Cornelia, uso umeelekezwa mlangoni. Alikuwa mdogo kiasi ambacho sikukitegemea.

"Mtoto alikuja mbio kusema kuna watu wanashuka bondeni, mmoja kambeba mwenzake," alisema Cornelia, na machozi yanamshuka. "Mama yako akasema ni Klementina huyo. Akasema niinueni, nataka nimwone akiingia. Tukamwinua. Alikuwa anatazama pale pale. Sasa hivi tu. Klementina, sasa hivi tu!"

Wilibrodi alipiga magoti, nikalifungua blanketi. Klementina alijivuta sakafuni kwa mikono mpaka kwa mama yake, akamshika uso kwa viganja viwili, bado ulikuwa na joto, akauweka sawasawa na uso wake. Macho yalikuwa wazi. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, anatazamwa na macho ambayo hayakumwona. Hakuna aliyethubutu kumwondoa. Nimezika wengi tangu siku ile, wazazi wangu na mwanangu mmoja, lakini nikifumba macho ninachokiona ni hicho.

Baadaye wanawake walimlaza marehemu, na wanaume wakakusanyika barazani. Mzee Zenon, kaka mkubwa wa marehemu, akamwita Wilibrodi mbele ya ukoo. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na maumivu, na maumivu yanataka mtu wa kubeba.

"Mkwe," alisema, "Basil aliondoka hapa juzi kuwaletea habari. Mtu alikuwa anawasubiri hapa, anahesabu kila hatua mlangoni. Mmechelewea wapi?"

Lile halikuwa swali la kujulia hali. Kwao mkwe anayemchelewesha binti kwenye kitanda cha mama yake anasemwa kuwa ameudharau ukoo, na niliwahi kuona ndoa ikiishia hapo hapo barazani, mke akabakizwa kwao na mume akarudi peke yake. Wilibrodi alilijua hilo. Alikuwa amesimama na lile shati lake lisilo na chini, tumbo nje, matope hadi kifuani, na nikaona kwamba angesema yote, kamba, kitanzi, kitambaa, kila kitu, na kwamba alitaka wamhukumu. Mdomo wake ulifunguka. Kama kawaida yake maneno yalichelewa.

Klementina alikuwa ameshatoka ndani. Alikuwa ameshika nguzo ya baraza kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamshika mume wake kifundo cha mkono, kwa nguvu, niliona vidole vinavyozama.

"Ni mimi, mjomba," alisema. "Ni hii nyonga yangu. Mume wangu alitaka twende mbio, mimi ndiye niliyekuwa naomba tupumzike. Njia nzima naomba tupumzike."

Mzee Zenon alimtazama, kisha akatazama chini. Watu wakaguna. Shangazi mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba hata mgonjwa, kwa mama yake angejikaza. Klementina akaitikia kwa kichwa, kwamba ni kweli, angejikaza.

Tangu alfajiri hakuwa ameomba kupumzika hata mara moja.